Anayejibiwa ni Maneno au Mwandishi?
Mhadhara juu ya kupima ujumbe wa kwanza katika programu za wachumba



Anayemwandikia mtu asiyemjua kwenye programu ya kutafuta wachumba hana sauti ya kutumia, hana mshenga wa kumtanguliza, wala hana ndugu wa kumwombea neno. Ana picha chache alizokwisha kuziweka na mstari mmoja au miwili atakayoiandika sasa hivi. Haishangazi basi kwamba mstari huo umezaa biashara. Kuna wanaouza vitabu vya mistari, kuna wanaofundisha kwa ada, na siku hizi kuna programu zinazokuandikia zenyewe, na wote wanadai kwamba maneno yao yamejaribiwa na kuonekana yanafanya kazi. Leo nataka tuyapekue madai hayo. Hoja yangu ni moja: hesabu na majaribio yaliyochapishwa hadi sasa yanatufundisha mengi juu ya nani anamwandikia nani, na machache mno juu ya nguvu ya maneno yenyewe, na hata hayo machache huharibika mara tu mstari unapokatwa kutoka kwa aliyeuandika na kugawiwa wengine.

Tuanze na hesabu iliyonukuliwa kuliko zote. OkCupid ni tovuti ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2004 na vijana wanne waliosoma Harvard. Mwezi Septemba 2009 walichapisha uchambuzi wa jumbe za kwanza zaidi ya 500,000 zilizopita kwenye mitambo yao. Kwa wastani, jumbe 32 katika kila 100 zilijibiwa. Kisha wakatazama ni maneno gani yalipatikana kwenye jumbe zilizojibiwa kuliko wastani huo na ni yapi kwenye zilizopuuzwa. Tahajia za mkato, zile za kuandika herufi moja badala ya neno zima, zilianguka vibaya. Kumsifia mtu umbo lake kulipunguza majibu. Salamu kavu ya Kiingereza, ile hi tunayoijua sote, ilikuwa chini ya wastani, ilhali kuulizia hali kwa namna ya kawaida ya mazungumzo kulijibiwa zaidi ya nusu ya mara. Yaliyofanya vizuri zaidi yalikuwa maneno yanayoonyesha kwamba mwandishi amesoma wasifu wa mwenzake: umesema hivi, nimeona vile, ningependa kujua lile. Wanaume waliojishusha kidogo, wakaomba radhi au kukiri kuona haya, nao walijibiwa vizuri.

Uchambuzi huo ulisomwa kama orodha ya dawa: acha hili, tumia lile. Lakini haukuwa jaribio. Hakuna aliyepewa maneno ayatumie. Kila mtu aliandika apendavyo, na wachambuzi wakahesabu baada ya shughuli kwisha. Anayeandika tahajia za mkato ni mtu wa namna fulani: huenda ni kijana zaidi, huenda anatuma jumbe thelathini kwa saa moja, huenda hata wasifu wake ameujaza nusu. Anayeuliza juu ya kitabu kilichotajwa kwenye wasifu naye ni mtu wa namna nyingine, na tena amemchagua wa kumwandikia kwa sababu wote wawili wanasoma vitabu. Anapojibiwa, jibu ni la swali lake, au ni la watu wawili waliokuwa tayari wanalandana kabla neno halijaandikwa? Idadi kubwa ya jumbe haiwezi kulijibu swali hilo. Ukirudia hesabu hiyo mara kumi zaidi, utakuwa na hakika kubwa zaidi ya uhusiano uleule usioujua chanzo chake.

Njia ya kutenganisha mambo hayo ilikwisha kupatikana zamani, na ilipatikana shambani. R. A. Fisher alikuwa mtakwimu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, na tatizo lake lilikuwa kwamba shamba halina rutuba sawa kila mahali. Ukiweka mbolea mpya upande mmoja na kuacha upande wa pili, mavuno yakitofautiana hujui ni mbolea au ni udongo. Katika kitabu chake cha mwaka 1935 juu ya upangaji wa majaribio alisisitiza dawa yake: vijishamba vigawiwe mbolea kwa kura. Kura haijui udongo ulivyo, kwa hiyo haiwezi kuupendelea. Katika suala letu, udongo ni mwandishi pamoja na msomaji wake. Mpaka maneno yagawiwe kwa kura, kila tunachokisema juu ya maneno tunakisema pia juu ya udongo.

OkCupid wenyewe, kwa haki yao, walikuja kufanya majaribio ya kweli, wakayaeleza mwezi Julai 2014, katika andiko la Christian Rudder, mmoja wa waanzilishi. Moja linatuhusu sana. Tovuti hiyo huwaonyesha watu wawili asilimia ya kulandana kwao, inayokokotolewa kutokana na maswali waliyoyajibu. Wakachukua jozi za watu ambao kwa hesabu zao wenyewe walilandana kwa 30% tu, wakawaambia wanalandana kwa 90%. Kipimo hakikuwa jibu la kwanza tu. Waliangalia ni mara ngapi ujumbe mmoja ulikua ukawa mazungumzo ya jumbe nne. Kwa walioambiwa ukweli kwamba wana 30%, ilitokea mara 10 katika 100. Walioambiwa uongo kwamba wana 90%, mara 17. Waliolandana kweli kwa 90% na wakaambiwa hivyo, mara 20. Na wale waliolandana kwa 90% lakini wakaambiwa 30%, mara 16. Hakuna aliyewabadilishia maneno ya kuandika. Kilichobadilishwa ni namba moja kwenye kioo cha simu au kompyuta, na namba hiyo ya uongo peke yake iliziba sehemu kubwa ya pengo. Kwa wanaoamini kwamba siri imo kwenye mstari wa kwanza, hili ni jambo la kuwafikirisha: msomaji alikuwa ameshaelekezwa kabla hajafungua ujumbe.

Jaribio lingine katika andiko hilohilo lilihusu maneno ya wasifu. Wasifu za baadhi ya wanachama zilionyeshwa nusu ya mara zikiwa na maandishi, na nusu zikiwa na picha tu. Alama walizopewa na watazamaji hazikutofautiana sana. Kwa makadirio ya Rudder, maandishi yalichangia chini ya 10% ya maoni ya watu. Wasifu si ujumbe, nakubali, lakini ni vigumu kusema kwamba maneno mia mbili ya kujieleza yana uzito mdogo kiasi hicho, halafu maneno sita ya salamu yana uzito mkubwa.

La tatu ndilo lililovuma zaidi magazetini, na ndilo dhaifu zaidi. Tarehe 15 Januari 2013 tovuti iliondoa picha zote kwa muda wa saa saba. Katika saa hizo jumbe za kwanza zilijibiwa kwa 44% zaidi ya kawaida, mazungumzo yakaingia ndani zaidi, watu wakapeana namba za simu mapema. Wengi walihitimisha kwamba picha zikiondoka maneno hupata nafasi yake. Lakini katika saa hizo hizo shughuli za tovuti zilishuka sana. Watu wengi waliona hakuna picha wakaondoka. Waliobaki walikuwa wale wenye hamu ya kuzungumza hata gizani, na watu wa aina hiyo wangejibu zaidi siku yoyote ile. Udongo tena. Picha ziliporudishwa saa kumi jioni, watu 2,200 walikuwa katikati ya mazungumzo yaliyoanza bila picha, na mengi ya mazungumzo hayo yalikatika hapohapo. Mtu angehesabu majibu ya kwanza tu angetangaza ushindi. Aliyesubiri saa chache zaidi angeona ushindi wenyewe ukiyeyuka.

Hapo tunagusa kosa la pili, ambalo kwangu ni kubwa kuliko la kwanza, lile la kusahau udongo: kuchukua jibu kuwa ndilo lengo. Majibu huhesabika kwa urahisi, ndiyo maana huhesabiwa. Hakuna anayeingia kwenye programu hizi ili apate majibu. Mstari wa mzaha mkali unaweza kupata majibu mengi ya kicheko au ya kukemea yasiyofika popote. Swali la utulivu linaweza kupata machache yatakayofika kwenye kikombe cha chai. Anayepima kwa majibu atauchagua mzaha, na hesabu zake zitakuwa sahihi kabisa.

Utafiti wa kitaaluma unaunga mkono mashaka haya kwa njia yake. Elizabeth Bruch, mwanasosholojia, na Mark Newman, mwanafizikia, wote wa Chuo Kikuu cha Michigan, walichapisha mwaka 2018 katika jarida la Science Advances uchambuzi wa mwezi mmoja wa mawasiliano katika miji minne ya Marekani: New York, Boston, Chicago na Seattle. Waliona kwamba watu wengi huwaandikia wanaotakwa kuliko wao wenyewe, kwa wastani kama 25% juu yao katika ngazi ya kutafutwa. Na walipomwandikia aliye juu zaidi, walirefusha ujumbe, wakati mwingine mara mbili ya kawaida yao. Jasho hilo lilizaa nini? Karibu hakuna. Katika miji yote minne, ni wanaume wa Seattle tu walioonekana kufaidika na jumbe ndefu. Kilichoamua jibu kwa kiasi kikubwa ni umbali kati ya ngazi ya mwandishi na ngazi ya aliyeandikiwa. Data hizo pia zina mwanamke mmoja wa New York, mwenye umri wa miaka 30, aliyepokea jumbe 1,504 katika mwezi huo. Gawanya kwa siku: ni kama jumbe 50 kila siku. Akitumia dakika moja kwa kila ujumbe, anahitaji karibu saa nzima kila siku, kabla hajajibu hata mmoja. Katika kisanduku kama hicho, mstari bora duniani unashindana kwanza na usingizi.

Na hali haifanani kwa pande zote mbili. Mtafiti Gareth Tyson na wenzake walifungua wasifu za majaribio kwenye programu ya Tinder, ambako kwa kawaida huwezi kumwandikia mtu mpaka nyote wawili mmekubaliana. Katika matokeo waliyoyatoa mwaka 2016, wasifu za kiume zilipata makubaliano kwa 0.6% tu, za kike kwa takriban 10%. Wanaume walikubali sehemu kubwa ya waliowaona, kisha wakaandika kwa haraka: urefu wa kati wa ujumbe wa mwanamume ulikuwa herufi 12, wa mwanamke herufi 122. Herufi 12 ni salamu na jina. Hii inanikumbusha uchunguzi wa zamani zaidi wa Michael Cunningham, uliochapishwa mwaka 1989, ambapo mistari ya kufungulia mazungumzo ilijaribiwa kwa watu halisi kwenye baa. Wanawake walibagua mistari, na ule wa mzaha wa kujionyesha ulifanya vibaya. Wanaume wakaitikia vizuri karibu kila walichoambiwa. Kwa hiyo hata pale ambapo maneno yana nguvu, nguvu hiyo inategemea ni nani anayasoma na ana wangapi wengine wanaosubiri.

Nitakumbana sasa na pingamizi tatu. La kwanza ni la kijana wa vitendo, anayesema: achana na takwimu za Wamarekani, nitajipimia mwenyewe, jumbe aina mbili, nione ipi inajibiwa. Nia ni njema. Tuseme kila aina anaituma kwa watu 20, na ya kwanza inajibiwa mara 6, ya pili mara 8. Ataishika ya pili. Lakini hata kama jumbe zote mbili zina nguvu ileile, kila moja ikijibiwa na watatu katika kumi, tofauti ya majibu mawili au zaidi itajitokeza kwa bahati tu katika zaidi ya nusu ya majaribio ya namna hiyo. Ili atofautishe ujumbe unaojibiwa kwa 30% na ule wa 40%, kwa viwango vya kawaida vya kitakwimu, anahitaji watu wapatao 350 kwa kila ujumbe, yaani 700 kwa jumla, waliogawanywa kwa kura, wala si kwa kumpa mrembo zaidi ujumbe anaoupenda zaidi. Na akijaribu mistari kumi, kila mmoja kwa kipimo chenye nafasi ya 5% ya kumdanganya, kuna uwezekano wa kama 40% kwamba angalau mmoja utamdanganya. Kijana akiwa na subira ya kuwaandikia watu 700 kwa kufuata kura, mimi ningemshauri aajiriwe na ofisi ya takwimu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linatoka tena kwa Rudder, katika kitabu chake Dataclysm cha mwaka 2014. Mitambo ya tovuti iliweza kulinganisha idadi ya herufi zilizobonyezwa na idadi ya herufi zilizotumwa, hivyo ikajulikana nani anaandika na nani anabandika. Jumbe za kubandikwa zilifanya vibaya kuliko zilizoandikwa upya, lakini kwa takriban robo tu. Ukihesabu majibu kwa jasho, mbandikaji anashinda daima. Je, hiyo haithibitishi kwamba maneno yanaweza kukatwa kutoka kwa mwandishi, yakatumwa peke yake, na bado yakafanya kazi? Nadhani inathibitisha kitu kingine, na mfano mmoja wa kitabu hicho unakionyesha vizuri. Mwanamume mmoja alituma ujumbe uleule kwa wanawake 42. Unaanza kwa kusema kwamba yeye pia huvuta sigara, unapita kwenye maonyesho ya Le Corbusier katika jumba la sanaa la MoMA, kisha unafika kwa msanifu majengo Frank Gehry, na hapo, kando ya jina la Gehry, mwandishi ameweka alama ya kuonyesha kwamba hana hakika ameliandika sawasawa. Itazameni alama hiyo. Ni shaka ndogo ya mtu anayeandika sasa hivi, mbele yako, bila kufuta. Ilibandikwa mara 42. Kinachofanya kazi katika ujumbe huo ni dalili kwamba kuna mtu anayekuandikia wewe, tena amegundua kwamba nawe unavuta sigara. Mbandikaji amefaulu kwa kadiri alivyoweza kuighushi dalili hiyo, tena kwa kuwachagua wavuta sigara peke yao. Na noti ya kughushi hupokelewa sokoni kwa kuwa noti nyingi ni halali. Pengo la robo ni la wakati ambapo waandishi wengi bado walikuwa wakiandika wenyewe. Sasa mashine inasoma wasifu kwa sekunde moja na kutunga swali la kibinafsi kwa kila mtu. Swali juu ya kitabu ulichokitaja, lililokuwa ushahidi mwaka 2009, halishuhudii tena kwamba kuna aliyesoma.

La tatu ni la maadili. Wapo wanaosema kampuni haina haki ya kuwadanganya watu juu ya kulandana kwao kwa ajili ya jaribio. Mwezi mmoja kabla ya andiko la OkCupid kulikuwa na kelele nyingi juu ya Facebook, iliyokuwa imebadilisha mpangilio wa habari za watumiaji 689,003 ili kupima hisia zao, na Rudder aliandika kwa ukaidi kwamba ukitumia intaneti tayari u mhusika wa mamia ya majaribio. Ni kweli, na si utetezi. Kupanga kwa kura salamu utakayopendekezewa ni jambo moja. Kumwambia mtu kwamba mgeni fulani anamfaa, ukijua hesabu yako inasema hapana, ni jambo lingine, hata kama baadaye, kama walivyofanya, unawaarifu namba sahihi. Hata hivyo nitasema jambo ambalo huenda lisiwapendeze baadhi yenu: bila jaribio hilo lenye kasoro tusingejua hata hicho kidogo tunachokijua. Hesabu safi za kimaadili zilizotangulia hazikutuonyesha chochote juu ya chanzo.

Na sisi tunaoandikiana kwa Kiswahili? Takwimu zote nilizozitaja ni za Marekani na Uingereza, na kuna sababu moja mahususi ya kutozihamisha kama zilivyo. Kwetu salamu haiachwi hewani. Mambo hudai poa, shikamoo hudai marahaba, na anayesalimiwa akanyamaza huonekana ana kiburi, awe Dar es Salaam, Mombasa au Bujumbura. Kwa hiyo mtu anaweza kujibu salamu kwa adabu tu, bila kuwa na nia yoyote na aliyemsalimu, na kila aliyewahi kuandikiwa niambie baada ya poa anajua jinsi uzi unavyofia hapo. Hesabu ya majibu ya kwanza, ambayo kwa Kiingereza tayari ni kipimo kibovu, kwa Kiswahili ingepima malezi.

Jaribio ambalo ningependa kuliona, kwa hiyo, lingekuwa hivi. Wachukuliwe watumiaji wazima waliokubali, waandikaji na waandikiwa, wakijua kwamba kuna utafiti na ni wa nini. Kila anayetaka kumwandikia mtu, kura iamue kama ataanza kwa salamu peke yake, au kwa salamu inayofuatwa na swali alilolitunga mwenyewe baada ya kusoma wasifu, au kwa swali lililotungwa na mashine; hivyo mwandishi yuleyule apite katika aina zote tatu, na udongo usipendelee upande. Sehemu ya waandikiwa waambiwe mapema kwamba baadhi ya maswali yametungwa na mashine, wengine wasiambiwe mpaka mwisho, kwa kuwa nashuku hapo ndipo tofauti kubwa ilipo. Jibu la kwanza lisihesabiwe kabisa. Lihesabiwe la nne, kisha waulizwe baada ya mwezi kama walionana. Kampuni za programu hizi zingeweza kulifanya kesho. Kumbukumbu zote wanazo. Ila OkCupid iliuzwa mwaka 2011 kwa kampuni ya Match, kwa dola milioni 50, na safu iliyokuwa ikichapisha chambuzi hizo ikakaa kimya miaka mitatu, hadi kitabu cha Rudder kilipokaribia kutoka. Kazi hiyo itabidi ifanywe na vyuo vikuu, kwa watu wachache zaidi na kwa polepole zaidi, na wa kwanza kuhojiwa wawe wanaopokea jumbe hizo.